Bi Siwema Aliita Mara Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, mkae magoti yagusane. Na nikiuliza kama mpo, mniitikie, maana hadithi hii haipendi watu kimya.

Mpo?

Tupo!

Basi, hapo kale palikuwa na mlima mmoja wenye nyumba saba. Nyumba ya kwanza ilikuwa chini kabisa, karibu na kijito. Nyumba ya saba ilikuwa juu kabisa, karibu na msitu. Kati ya nyumba na nyumba ilisimama migomba mingi, hata mtu hakuweza kuona paa la jirani yake.

Kwa kuwa hawakuonana, waliitana. Kila siku jua lilipokaribia kuzama, wa nyumba ya kwanza alisimama uani akaita, "Jirani! Mko salama?" Wa nyumba ya pili akajibu, "Tuko salama!" kisha naye akamgeukia wa tatu na kumwita. Mwito ulipanda hivyo, nyumba kwa nyumba, mpaka ya saba. Hakuna aliyepakua chakula kabla mwito haujafika juu.

Katika nyumba ya saba alikaa Mashavu na binti yake Kidawa, mtoto wa miaka sita. Mume wa Mashavu alikuwa amefariki. Mashavu mwenyewe alikuwa mtu wa haya, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeomba chumvi nyumba asiyoizoea.

Katika nyumba ya sita alikaa Bi Siwema. Alikuwa kizee asiye na mtoto. Shingoni alivaa kibuyu kidogo cha ugoro, na mdomoni alikuwa na maneno ya kutosha mlima mzima. Yeye ndiye aliyemzalisha Mashavu, na mikono yake ndiyo iliyompokea Kidawa.

Kila jioni Bi Siwema aliita, "Mashavu we! Mko salama?"

"Tuko salama, mama," Mashavu alijibu.

"Nani huyo? Nyuki? Sema kwa nguvu, mwanangu! Hata kifaranga changu kinakushinda!"

Hapo Kidawa alicheka, akapanda juu ya kinu na kupiga kelele, "Tuko salama, bibi!"

"Ehee! Huyo sasa ndiye mwenye nyumba!"

Siku moja zimwi likatoka msituni. Lilikuwa dogo tu, kama mbwa. Likamchukua jogoo wa nyumba ya nne. Kesho yake likamchukua mbuzi wa nyumba ya tatu.

Basi hofu ikaingia mlimani. Wanawake walipokutana kijitoni, salamu zao zikabadilika.

"Habari za asubuhi?"

"Mbaya."

"Za nyumbani?"

"Mbaya, na za kesho zitakuwa mbaya zaidi."

Mmoja akasema zimwi lina midomo miwili. Mpaka ndoo zinajaa, lilikuwa na midomo minne. Mpaka zinafika nyumbani, midomo ilikuwa saba, mmoja kwa kila nyumba.

Mzee Kibanga wa nyumba ya kwanza akawakusanya watu. Huyu alikuwa na ndevu ndefu, na kwa ajili ya ndevu hizo watu walimsikiliza.

"Zimwi linatufuata kwa sauti," akasema. "Jogoo aliwika, akaliwa. Mbuzi alilia, akaliwa. Basi tusiitane tena. Kila mtu afunge mlango wake, na kila mtu afunge mdomo wake."

Bi Siwema akavuta ugoro, akapiga chafya. "Kibanga, baba, zimwi lina pua. Mdomo utaufunga. Harufu ya kikoi chako utaifungia wapi?"

Watu wakacheka kidogo. Mashavu hakucheka. Alimshika Kidawa mkono mpaka mtoto akasema, "Mama, unaniumiza."

Jioni ile hapakuwa na mwito. Nyumba ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, ya nne na ya tano, kimya. Lakini katika nyumba ya sita Bi Siwema alitoka uani akaita, "Mashavu we! Mko salama?"

Mashavu alisimama nyuma ya mlango. "Tuko salama, mama," akanong'ona kupitia ufa.

Kule msituni zimwi lilisikiliza. Kimya cha mlima kilikuwa chakula chake. Likala kimya kile, likawa kubwa kama ndama.

Jioni ya pili Bi Siwema akaita tena, "Mashavu we! Mko salama?"

Mashavu hakufungua kinywa. Alichukua mwiko, akagonga ukuta mara mbili, ko, ko.

"Haya, hata ko ko inatosha," akasema Bi Siwema. "Leo una sauti ya mwiko. Kesho nitakusikia wewe."

Zimwi likasikiliza. Likala kimya cha jioni ya pili, likawa kubwa kama fahali.

Jioni ya tatu mawingu yalikuwa mazito, na ndege waliacha kulia mapema. Mashavu alikuwa amekwisha kuweka gogo mlangoni. Alimpakata Kidawa kando ya mafiga.

"Mashavu we! Mko salama?"

Kidawa akafungua kinywa aitike. Mashavu akaufunika mdomo wa mtoto kwa kiganja chake.

"Mashavu, mwanangu! Nasikia kitu kwenye migomba!"

Mashavu akafumba macho. Akajiambia, nikiitika litatujua. Nikiitika litamchukua mtoto wangu.

"Mashavu! Liko uani kwangu! Niitikie tu, mwanangu! Niitikie tu!"

Kidawa akamng'ata mama yake kidole, na bado Mashavu hakukiondoa kiganja. Kisha wote wawili wakasikia wimbo, sauti nzito kama jiwe linaloburutwa:

*Ameita, ameita,*
*nani amemwitikia?*
*Asiyeitikiwa ni wangu,*
*asiyeitikiwa ni wangu.*

Migomba ikatikisika. Baada ya hapo hapakuwa na sauti yoyote.

Asubuhi watu walikuja uani kwa Bi Siwema. Mlango ulikuwa umelala chini. Chungu cha kunde kilikuwa bado mekoni, kunde zimeungua na kushikana. Kifaranga chake kilitembea huku na huku kikilia.

"Mnaona?" akasema Mzee Kibanga. "Aliita, akaliwa. Tulimwambia." Akamgeukia Mashavu. "Wewe ndiwe jirani yake. Hukusikia kitu?"

Mashavu akatazama chini. "Sikusikia," akasema.

Kidawa akautoa mkono wake mkononi mwa mama yake.

Siku nzima mtoto hakusema neno. Mashavu akampa ndizi, hakula. Akataka kumsuka, mtoto akaondoa kichwa. Mchana ulipopita, Kidawa akaja mwenyewe, akasimama mbele ya mama yake aliyekuwa akichambua mchicha.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Siku nyingine mimi nikikuita, utaitika?"

Mashavu akataka kusema ndiyo. Lakini alitazama ile alama ya meno kwenye kidole chake, akalia, na machozi yakaanguka kwenye mchicha.

Basi jua lilipokaribia kuzama, Mashavu akaliondoa gogo mlangoni. Akachukua kanga, akamfunga Kidawa mgongoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa na miguu ilining'inia. Hakuchukua panga wala mchi. Alishuka mpaka uani kwa Bi Siwema, kwa sababu sauti yake ndogo isingefika nyumba ya tano akiwa kwake.

Akasimama kando ya chungu kilichoungua. Akaita, "Jirani! Mko salama?"

Kimya.

Migomba ikagawanyika, zimwi likatoka. Sasa lilikuwa refu kuliko nyumba. Midomo saba haikuwapo. Ulikuwapo mmoja tu, na ulitosha.

*Ameita, ameita,*
*nani amemwitikia?*

"Jirani!" akaita Mashavu mara ya pili. "Mko salama?"

Kimya. Zimwi likasogea, na pumzi yake ikapeperusha majivu ya mekoni.

*Asiyeitikiwa ni wangu...*

"Mama," Kidawa akasema mgongoni, "niko hapa. Mimi nimekusikia."

Hapo Mashavu akavuta pumzi mpaka ubavu ukauma. Akaita mara ya tatu, kwa sauti ambayo hata yeye hakujua kwamba anayo.

"Jirani zangu! Asubuhi niliwadanganya! Bi Siwema aliniita mara tatu, na mara tatu nilimsikia! Nilikuwa nyuma ya mlango! Hakuliwa kwa sababu aliita. Aliliwa kwa sababu mimi sikumwitikia! Sasa nami naita. Nina mtoto mgongoni. Mko salama?"

Kimya kikawa kirefu. Zimwi likafungua mdomo.

Kisha kutoka nyumba ya tano ikaja sauti ya mwanamke, nyembamba, inayotetemeka. "Tu... tuko salama, Mashavu!"

Zimwi likashtuka. Likapungua, likawa kama fahali.

"Tuko salama!" nyumba ya nne ikaitika. Zimwi likawa kama ndama.

"Tuko salama!" nyumba ya tatu ikaitika. Zimwi likawa kama mbwa.

"Tuko salama!" nyumba ya pili ikaitika. Likawa kama paka, likageuka likimbie. Mashavu akalirukia, akalibana shingo chini ya goti lake.

Kutoka chini kabisa, karibu na kijito, kikasikika kikohozi kirefu cha mzee. Kisha, "Salama! Kibanga yupo! Tunakuja!"

"Watoe," Mashavu akaliambia zimwi. "Watoe wote uliowala."

Zimwi likatapika. Akatoka jogoo, akajikung'uta, akawika. Akatoka mbuzi, akasimama kwa miguu inayoyumba. Mwisho kikatoka kibuyu kidogo cha ugoro, kikabingirika mpaka miguuni pa Mashavu.

"Na mwenyewe?" akauliza Mashavu. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Jogoo hakumwita mtu," likasema zimwi. "Mbuzi naye hakumwita mtu. Hao naweza kuwarudisha. Lakini aliyemwita mwenzake, akasikiwa, kisha akanyamaziwa, huyo sina njia ya kumrudisha."

"Bibi!" Kidawa akaita. "Bibi! Sisi tupo!"

Hapakuwa na wa kuitika.

Mashavu akainua goti akiokote kibuyu, na zimwi likachomoka, likatambaa kwenye majani hadi msituni. Halikufa. Kwa hiyo msiniulize lilikufaje.

Watu walipofika walimkuta Mashavu amekaa chini, amekishika kibuyu kwa mikono miwili. Mzee Kibanga akavua kofia.

"Neno lilikuwa langu, binti," akasema.

"Mdomo ulikuwa wangu, baba," Mashavu akajibu.

Hawakuwa na maiti ya kuzika. Wakazika gogo la mgomba badala yake nyuma ya nyumba yake, wakalia, wakatawanyika. Kifaranga Kidawa akakichukua.

Kesho yake jua lilipokaribia kuzama, mwito ukapanda tena. Kwanza, pili, tatu, nne, tano. Na mwanamke wa nyumba ya tano, kwa mazoea, akageuka akaita, "Bi Siwema! Uko salama?"

Mara akakumbuka, akajishika mdomo. Mlima wote ukasimama, kila mtu na upawa mkononi.

Ndipo kutoka juu kabisa ikaja sauti kubwa, safi, iliyovuka migomba yote ikafika mpaka kijitoni. "Bi Siwema hayupo! Mashavu nipo, na Kidawa yupo! Tuko salama!"

Watu wakapakua chakula, wakala.

Ikawa hivyo kila jioni, mpaka Mashavu akazeeka. Walimwita Bi Siwema kila siku, na kila siku Mashavu alijibu kwa ajili yake. Alibaki mwenye haya katika mambo mengine, lakini katika hilo hakuna aliyemshinda kwa sauti. Ndiyo sauti ambayo Bi Siwema aliitaka miaka yote, na hakuisikia hata mara moja.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya mlima, kwenye nyumba ya saba. Hakuna nyumba nyingine mbele yake.

Na ninyi watoto, shikeni hili. Kuogopa si kosa. Hata mimi huogopa. Lakini jirani yako akikuita, mwitikie, ijapokuwa sauti inatetemeka. Hofu ya watu wanaoitikiana hubaki ndogo. Hofu ya mtu aliyejifungia peke yake hukua mpaka ipite nyumba.

Haya, jua linazama. Mpo?

Tupo!