Mama Nani na Mabaragumu Matatu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana mimi mwenyewe nilikuwepo. Nilikaa juu ya jiwe katikati ya bonde, miguu ikining'inia, nikaona kila kitu na kusikia kila kitu. Wale wanaodai kwamba hadithi hii walisimuliwa na bibi zao, waulizeni bibi zao walikuwa wamekaa wapi. Mimi sikuwaona pale.

Palikuwa na vilima vitatu, na kila kilima kilikuwa nchi. Cha kwanza Usaka, cha kati Utare, cha mwisho Uhombo. Kila nchi na mfalme wake, kila mfalme na baragumu lake, na mabaragumu ya siku zile yalikuwa yanasema. Yalikwambia nani kafa, nani kaolewa, na ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani. Usaka na Uhombo walikuwa mbali, hawasikiani. Utare aliyekaa katikati aliwasikia wote wawili, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Usaka anapiga, Uhombo naye anapiga. Sauti zinakutana juu ya bonde, zinagongana vichwa kama mabeberu, na kinachoanguka chini hakina kichwa wala mkia.

Mwaka mmoja Usaka walipiga mbiu ya mafuriko: "Maji yanakuja, pandeni." Saa hiyohiyo Uhombo wanapiga mbiu ya harusi: "Pombe imeiva, shukeni." Utare walisikia nusu ya hii na nusu ya ile. Walisikia: "Pombe inakuja, shukeni." Wakashuka bondeni wamejipaka mafuta, vibuyu mkononi. Watu kumi na wanne hawakupanda tena.

Ndipo wapiga mabaragumu wa nchi zote tatu walipokutana, siku saba. Nilizihesabu mimi, na kuhesabu ndicho kitu pekee nilichotoka nacho shuleni kabla shule haijanichoka. Siku tatu waligombania nani apewe sauti nene. Siku mbili waligombania nani aanze kusema. Siku moja walinuniana tu. Siku ya saba walichoka, na uchovu, niwaambie, umepatanisha watu wengi kuliko hekima.

Wakapatana hivi. Uhombo achukue sauti nene, Utare ya kati, Usaka nyembamba, kila mmoja kwa zamu yake. Ujumbe wa jirani upitishwe kama ulivyosikika, usiongezwe, usipunguzwe. Jua likifika utosini mabaragumu yote yanyamaze kwa muda wa kumenya mhogo mmoja, ili mwenye shida apate kusikika. Muda huo wakauita Kimya. Na milio mitatu mirefu ikawa mbiu ya dhiki isiyo na mwenyewe. Mfalme aweza kuipiga, mjane aweza kuipiga.

Wafalme walicheka. "Siku saba mmekaa bondeni mkajifunza kunyamaza?" Lakini waliridhia, kwa kuwa kunyamaza hakuli ng'ombe wa mtu.

Basi kule Usaka alikuwepo mwanamke aitwaye Nyamizi, na mtoto wake wa pekee, Kalunde, binti wa meno sita. Hakuna aliyemwita Nyamizi. Aliitwa Mama Kalunde, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Asubuhi moja anapepeta mtama, mtoto akatambaa hadi nyuma ya ukuta, akala mbegu za mnanaha. Nyamizi alimkuta mboni zimetanuka, mwili unawaka, vidole vinachuma hewani vitu visivyokuwepo.

Dawa ya sumu ile ilijulikana na mtu mmoja tu katika vilima vitatu, Bibi Ntabaye wa Uhombo. Kwenda Uhombo ni mwendo wa siku mbili. Nyamizi alimtazama mtoto, akaitazama njia, akaona kwamba hivi viwili havilingani.

Akamfunga mgongoni, akapanda kileleni kwenye baragumu. Mpigaji alikuwa amekwenda kuoga mtoni. Maneno ya baragumu kila mtoto wa Usaka huyajua kama nyimbo za kubembelezewa. Kazi ni pumzi. Pumzi ya kwanza ya Nyamizi ilitoka kama mbuzi anayekohoa. Ya pili ikalia. Jua lilikuwa utosini. Milio mitatu mirefu, kisha maneno: "Mtoto kala mnanaha. Bibi Ntabaye, nifanye nini? Atakayenifikishia mbiu hii, mtoto wangu atabeba jina lake."

Sasa twende Uhombo, saa hiyohiyo. Mpiga baragumu Mabula alikuwa anamwoza binti yake. Huko bibi harusi havuki kizingiti mpaka baragumu lilie, na akisimama kizingitini bila kuitwa, huwa mkosi. Wapambaji walichelewa, binti akafika mlangoni jua likiwa utosini.

"Mzee Mabula, puliza," wakasema watu wa bwana harusi.

"Ni Kimya."

"Kimya kipi, mzee wetu? Mtoto kasimama kizingitini."

"Namwona. Ni Kimya."

"Puliza kidogo tu. Nani atajua?"

"Utare atajua. Nikipuliza mimi, Utare hasikii kitu kingine."

Shangazi wa bwana harusi akajifunga kanga vizuri. "Baba mtu akikosa pumzi ya kumtoa binti yake, sisi miguu ya kurudia kwetu tunayo." Wakaondoka, na bwana harusi wakaenda naye. Binti alibaki kizingitini na hina yake mbichi, akimtazama baba yake. Mabula alikaa na baragumu mapajani, kinywa amekifunga.

Kwa sababu ya kimya hicho, Shija, mpigaji wa Utare, alisikia sauti nyembamba, inayokatika-katika, ikitoka upande wa Usaka. Akaipokea, akaipitisha kwa Uhombo kama ilivyokuja. Mabula alipoisikia akatoka mbio, vazi la harusi mwilini, hadi kwa Bibi Ntabaye.

"Dawa hiyo ni ya ukoo," akasema bibi. "Mleteni mtoto, nitamnywesha kwa mkono wangu."

"Mtoto yuko Usaka, bibi."

"Kwa hiyo niitamke, wewe uipulize, vilima vitatu viisikie."

"Vitaisikia."

Bibi Ntabaye akakitazama kibuyu chake cheusi kilichoning'inia darini. "Miaka arobaini watu wananipandia kilima hiki na kuku kwapani, kwa sababu hawajui kilichomo humo. Haya, Mabula. Ni mkaa. Mkaa uliosagwa, kwa maji. Waambie wamlishe mkaa."

Mabula akapuliza: "Mlishe mkaa."

Shija akausikia ujumbe ule kule Utare, akalitua baragumu chini. Maana Utare, kumwambia mtu ale mkaa ni kumwambia nyumba yake imeungua na ukoo wake umekwisha. Kwa neno hilo walishapigana na Usaka miaka mitatu. Na mfalme wao alikuwa ameweka amri: mpigaji atakayepitisha tusi lile ang'olewe meno ya mbele. Mpiga baragumu asiye na meno ya mbele, bwana, kazi yake ni kuchunga kuku.

Mkewe, Mbuke, alikuwa karibu anachambua mboga. "Baba watoto, usilipige hilo. Piga 'mpe dawa.'"

"Dawa gani?"

"Yoyote. Mama mtu atajua."

"Angejua asingeuliza."

"Na meno yako?"

Shija akayapapasa meno yake kwa ulimi, moja baada ya jingine, kama anayeyaaga. Kisha akapuliza: "Mlishe mkaa."

Nyamizi hakuuliza mara mbili. Alisaga mkaa wa jikoni kwake, akakoroga, akamnywesha mtoto kidogo kidogo, mpaka midomo na kifua na mikono ya mama ikawa myeusi. Jua lilipoinama mtoto alitapika. Alipolala, alilala usingizi wa watu. Kulipokucha akaomba ziwa. Lakini wakati huo huko Utare meno mawili ya Shija yalikuwa yamekwisha kulala kwenye kigae.

Hapa mnisikilize vizuri. Desturi ya Usaka ni kwamba mtoto aliyeponyoka mautini harudiwi na jina la kwanza. Kifo kimeshalijua hilo, kitarudi kuuliza kwa jina. Huachwa siku tatu bila jina, kisha hunyolewa, na jina jipya huingizwa sikioni. Moja tu, maana sikio la mtoto ni dogo. Na hilo jina humfunga mtoto kwenye ukoo uliompa. Kwa siku hizo tatu hata mama mtu hakuwa na jina. Majirani walifika mlangoni wakaanza, "Hodi, Mama..." wakakwama. Watoto wa mtaa wakamwita Mama Nani. Alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka.

Siku ya tatu wakafika wote watatu, Mabula, Shija na Bibi Ntabaye, wakakaa uani kwake.

Mabula akasema: "Mama, mimi sikufanya kitu. Ndiyo haki yangu hiyo. Ningefanya kitu, ungepiga mpaka mapafu yakatoka na Shija asingesikia hata unyoya. Binti yangu hajaolewa mpaka leo. Ananipikia, ananipa maji ya kunawa, ila hanisemeshi. Nipe jina moja niende nalo nyumbani."

"Mtoto wa kike aitwe Mabula?" akauliza jirani mmoja.

"Majina hayana ndevu," akajibu Mabula.

Shija akasema, na alipokuwa anasema upepo ulitangulia mbele ya maneno: "Kunyamaza ni amri, Mabula uliitii. Mimi amri ya mfalme niliivunja, nikashika ya bondeni. Nilipokea neno nisilolielewa, neno la vita, nikalipitisha jinsi lilivyo. Sasa baba yangu alikuwa mpigaji, babu yangu alikuwa mpigaji, na mimi nachunga kuku. Jina langu halitaitwa tena juu ya kilima chochote. Liitwe basi ndani ya nyumba hii."

Zamu ya Bibi Ntabaye ikafika. Alikuwa anamtazama mtoto. "Hawa walibeba," akasema. "Kilichobebwa ni cha nani? Mbiu ingekuja na kurudi mara mia bila neno langu, mngekuwa mmebebeana upepo. Njia ya kwangu sasa itaota nyasi. Kila mwanamke anaujua mkaa. Sina mtoto, sina mjukuu, na sasa sina siri. Sitaki kugombana na mtu. Nimekuja tu."

Ingekuwa vizuri kama yangeishia hapo. Lakini wafalme hawaachi uji upoe. Mabula akainamisha kichwa: "Mfalme wangu ameniagiza niseme. Jina likienda Utare, baragumu letu litalia linapotaka, Kimya au hakuna Kimya." Shija naye akatazama pembeni: "Wangu ameniagiza vivyo hivyo. Jina likienda Uhombo, hatutapitisha tena mbiu ya mtu." Na wote wawili waliona haya, maana ndio waliokaa bondeni siku saba.

Jirani akadakia, "Si aitwe Kimya, tumalize?"

Nyamizi akamgeukia. "Kimya ndicho nilichokiogopa kifuani mwake mchana kutwa. Nisimwite hivyo maisha yake yote."

Akamchukua mtoto aliyenyolewa, akampakata. Alimwona Mabula, akamwona binti asiyemsemesha baba yake. Alimwona Shija, akaliona pengo. Alimwona Bibi Ntabaye, mikono mitupu magotini. Akawaona pia watoto ambao hawajazaliwa, wa vilima vyote, watakaokula mnanaha siku ambayo mabaragumu yanagombana. "Niliahidi jina kwa atakayenifikishia mbiu," akasema. "Sikujua mbiu hufikishwa na wengi hivi." Akainama, akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto.

Nami pale nilipokuwa sikusikia alisema nini, kwa kuwa alisema polepole. Ila kabla hamjaanza kubishana, niungame jambo moja. Ile harusi nimeiongeza mimi. Mabula alinyamaza, hilo naapa kwa macho yangu. Lakini jiwe langu lilikuwa bondeni, na uani kwa Mabula hapaonekani kutoka bondeni. Huenda alikuwa na binti kizingitini. Huenda alikuwa amesinzia.

Haya, mnaojua kuamua. Aliyenyamaza, kwa sababu yoyote ile. Aliyepitisha neno likamng'oa meno. Aliyefungua kibuyu chake mbele ya vilima vitatu. Je, nani alistahili? Kuanzia siku ile, yule mwanamke tumwite mama nani?