Minza na Upepo wa Wembere

Asiye na mlima hupanda upepo.

Neno hili mmelisikia leo kwa fundi Kulwa, alipomjibu yule kijana anayesema hawezi kujifunza useremala kwa kuwa hana karakana. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza: upepo unapandwaje? Basi sogeeni. Methali nyingine zilizaliwa kabla ya babu zetu, lakini hii, waliokuwepo ilipozaliwa bado wanatembea. Chimbuko lake ni hili.

Kando ya mbuga ya Wembere, kule Igunga, palikuwa na mwanamke aitwaye Minza. Kazi yake ilikuwa kupeleka maziwa. Kila alfajiri alifunga madumu kwenye keria ya baiskeli, akaikata mbuga mpaka mjini, akauza, akarudi. Nchi ile imenyooka kama mkeka. Ukisimama mlangoni unamwona mgeni wako akija. Utachinja kuku, utamnyonyoa, utampika, na mgeni bado hajafika. Kilima walichokijua watoto wa pale ni kichuguu.

Kaka yake Minza, jina lake Masele, ndiye aliyekuwa bingwa wa baiskeli wa mbuga nzima. Kwenye mashindano ya sikukuu ya mavuno hakuna aliyemwona uso. Wote walimwona mgongo. Mwaka mmoja akasikia kwamba huko Upare kuna mashindano ya kutwa nzima, watu wanapanda na kushuka milima kwa baiskeli. Akanunua baiskeli yenye gia, kijiji kikamsindikiza kwa ngoma, akaenda.

Kule, mlima wa kwanza tu, miguu ilikataa. Akashuka, akasukuma, mwisho akakaa chini. Nyuma ya washindani lilikuwa likipanda gari la kuokota waliochoka. Masele akapakiwa humo pamoja na baiskeli yake, kama gunia la pamba. Aliporudi nyumbani hakusimulia neno, lakini habari ilikuwa imemtangulia, na watu wakapata la kusema: "Mtu wa mbuga ni wa mbuga tu." Tangu siku ile hakugusa baiskeli, hata kwenda kisimani alikwenda kwa miguu.

Maneno yale yalimkaa Minza kooni kama mwiba wa samaki. Siku moja mchana, walipokuwa wakila, akasema, "Kaka, mwaka huu nakwenda Upare."

Masele akaacha tonge hewani. "Kufanya nini?"

"Kupanda milima."

"Minza, mdogo wangu, mimi nimekuwa nikikuacha nyuma tangu utoto wetu, na nilishindwa. Tena sikushindwa kwa uvivu. Mwalimu wa mlima ni mlima. Wewe utajifunzia wapi? Kwenye kichuguu?"

Minza akatazama nje. Ilikuwa kiangazi, na upepo wa mchana ulikuwa ukivuma kutoka mashariki, umebeba vumbi, unazilaza nyasi zote upande mmoja.

"Nitapanda upepo," akasema.

Masele akacheka, wala halikuwa cheko la furaha. Lakini alipoombwa baiskeli yake ya gia alimwambia aichukue, maana inaliwa na kutu bure.

Watu wa Wembere wanaujua upepo ule. Huondoka alfajiri kabla haujaamka, na jioni hurudi ukiwasukuma mgongoni. Minza akapindua mambo. Asubuhi alipeleka maziwa kama kawaida. Mchana upepo ulipopamba moto, wakati hata mbwa wamejificha nyuma ya maboma, alijaza madumu maji, akayafunga kwenye keria, akaelekeza uso mashariki.

Siku za mwanzo upepo ulimsimamisha papo hapo kama mtu aliyeshikwa kola. Mara nyingine ulimlaza chini, madumu na yeye. Midomo ikapasuka, macho yakawa mekundu kwa vumbi. Majirani wakamwona mwanamke mzima anapeleka maji porini, kisha anayarudisha.

"Mayu, mama wewe, nani amekuroga?" wakamuuliza kisimani.

"Bado sijamjua," akajibu, akajaza madumu yake.

Jambo moja aliligundua mapema. Upepo hauna kilele. Hakuna mahali utakapofika useme, basi, nimemaliza. Ukitaka kuacha, utaacha kwa kuamua mwenyewe. Kwa hiyo kila miguu ilipomwambia inatosha, Minza aliiambia bado kidogo, mpaka hiyo "bado kidogo" ikawa safari nyingine nzima.

Kisha siku ya mashindano ikiwa imekaribia, majira yakageuka. Mawingu yakakusanyika, mbuga ikatulia tuli, jani halitikisiki. Masele alimkuta dada yake ameketi kando ya baiskeli, kidevu kwenye magoti.

"Mbona umekaa?"

"Upepo umekufa, kaka."

Kwa muda wote ule Masele alikuwa akimtazama kutoka kwenye boma la ng'ombe, kimya kimya, na Minza hakujua. Akayafungua madumu, akamwaga maji, akayaweka pembeni. Kisha akakaa kwenye keria, yeye, mwanamume wa miraba minne.

"Endesha."

"Kaka!"

"Endesha, nimesema. Leo upepo ni mimi."

Minza alipoanza kukanyaga pedali, Masele alikita visigino ardhini, akaburuta. Kila jioni ikawa hivyo. Watoto waliwakimbilia wakishangilia, na udongo wa mbuga ukabaki na mifereji miwili kama iliyopita jembe la ng'ombe. Na hapo mgongoni, kwa mara ya kwanza, Masele akaanza kuusimulia ule mlima.

"Usiukimbilie, Minza. Mimi niliukimbilia. Wao watakuacha mwanzoni, waache waende."

Minza alipofika Upare, alitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Filimbi ikalia, wenzake wakatimua mbio. Yeye akaanza taratibu, kichwa chini, kama anayepeleka maji. Mlima wa kwanza ukaja, akaupanda. Juu ya mlima wa pili alikuwa ameshawapita wengi, na moyo ukaanza kuchezacheza.

Lakini upepo haukumfundisha kushuka. Baiskeli ilipoinamia bondeni ilimtoroka kama ndama aliyekata kamba. Akabana breki kwa hofu, gurudumu la mbele likagonga jiwe, akarushwa ndani ya shamba la tangawizi. Alipoinuka, kiwiko kilikuwa kimechubuka na goti limeanza kuvimba. Tangu hapo kila mteremko aliushuka kwa miguu, akiishika baiskeli kama anayemwongoza kipofu, na wote aliowapita wakampita tena. Mpaka chini ya mlima wa mwisho hakuna aliyebaki nyuma yake, ila lile gari.

Dereva akatoa kichwa dirishani. Hakuwa mtu mbaya. "Dada, panda gari. Umejitahidi, na kilichobaki ndicho kikali."

Minza alikuwa akihema. "Una kilele?"

"Nini?"

"Huo mlima. Una mwisho?"

"Mlima gani usio na mwisho, dada?"

"Basi niache."

Akainamisha kichwa, akakanyaga. Goti lilimlilia, akaliambia bado kidogo. Kona ya kwanza akamkuta mtu anasukuma baiskeli yake, akampita. Kona nyingine, wawili wamekaa chini, akawapita. Gari lilinguruma nyuma yake, kisha likasimama kuwaokota wale wawili, likaja tena, likasimama tena. Na yeye alizidi kupanda, hana haraka, hasimami.

Sokoni juu kabisa, ndipo palipokuwa mwisho. Washindi walikuwa wameshavishwa nishani, wanakunywa soda. Minza hakupata nishani. Lakini katika kupanda kote kwa siku ile, mguu wake haukugusa ardhi.

Bibi mmoja muuza uji wa tangawizi, Bibi Nakijwa, alikuwa amemwangalia tangu kona ya mwisho. Akamwita.

"Mwanangu, wewe ni wa mlima upi?"

"Shikamoo, bibi. Kwetu hakuna mlima. Ni mbuga tupu."

"Usinidanganye. Nimezaliwa hapa, naijua miguu iliyozoea kupanda. Ulijifunzia wapi?"

"Kwenye upepo, bibi. Na upepo ulipokwisha, kaka yangu alikaa nyuma akawa upepo."

Bibi Nakijwa akamtazama sana. Akamjazia kikombe, akawageukia watu wa soko kwa sauti kubwa: "Mmesikia nyinyi mnaolalamika kila siku? Asiye na mlima hupanda upepo!"

Wachuuzi wakalibeba neno lile, madereva wa malori wakalishusha mpaka bondeni, na Minza alipofika Igunga alilikuta neno limemtangulia. Masele alimpokea stendi, akaitazama baiskeli, kisha goti.

"Ulifika?"

"Nilifika."

Masele akaishika baiskeli ile usukani, akaipanda yeye mwenyewe, akamwonyesha dada yake keria. "Kaa. Leo upumzike."

Basi, vijana wangu, anayelisema neno hili hadai kwamba upepo na mlima ni kitu kimoja. Minza ana kovu la kiwiko la kuwaonyesha kwamba sivyo. Anakwambia uanze na kinachokupinga papo hapo ulipo, maana mlima hautakuja kwenu kukufundisha. Asiye na mlima hupanda upepo.