Karatasi Chini ya Mkeka

Mnanikera. Wajukuu wa wenzangu huomba maandazi, nyinyi mnaomba aibu ya ukoo. Haya, nasimulia mara moja tu. Mkiisambaza msiipambe, maana karani wa hadithi hii, Makungu, ni babu yangu mzaa baba.

Mfalme alikuwa na mashamba tisa ya mpunga. Kila shamba na nyapara wake na kiboko chake, kwani wakubwa wote waliamini mtu asiposimamiwa halimi. Kila mavuno, wakuu wa mashamba walimletea Makungu karatasi zao za hesabu ya mpunga, naye akachagua za kusoma barazani.

Bi Mwanatumu alikuwa mkuu wa shamba mojawapo. Nyapara wake akapata matende, hakushuka tena shambani. Wanawake wakalima wenyewe, wakavuna kuliko miaka ya kiboko. Bi Mwanatumu akakimbilia kwa karani na karatasi yenye habari hiyo. Alikuwa na haraka: binti yake, Saumu, alikuwa akichapwa na nyapara wa shamba la pili.

"Umepima vibaya," alisema Makungu. "Kapime tena."

"Na waliovuna kwa kiboko, umewaambia wapime tena?"

"Wale wanasema linalojulikana, bibi wee. Lako nikilisoma, baraza zima litanicheka."

Bi Mwanatumu akapima mwaka wa pili, na wa tatu. Jibu lilelile. Karatasi zote zikaishia chini ya mkeka wa karani.

Mwaka huohuo wa tatu, nyapara wa shamba la pili alimpiga Saumu mkono, ukapooza.

Siku moja mfalme alipita kwa Makungu kunywa kahawa. Akaketi, akajisogeza, akajisogeza tena.

"Makungu, mbona mkeka wako una mimba?"

Ukafunuliwa. Kumbe hazikuwa za Bi Mwanatumu tu! Zilikuwamo za mashamba saba. Huku nyapara alifiwa, kule alihiji, na kila alipokosekana mpunga ulizidi. Kila mkuu aliambiwa amepima vibaya, akaona haya, akanyamaza, akidhani mjinga ni yeye peke yake.

Mfalme naye hakuwa malaika. Miaka yote hiyo hakuuliza.

Makungu alizisoma zote barazani. Saumu aliketi mbele, mkono umelala pajani kama wa mtu mwingine. Babu hakuthubutu kuinua macho. Hakuna aliyecheka.

Viboko vikachomwa. Makungu akapewa jembe: alime ngwe ya Saumu kila msimu, mpaka afe, wala asiwekewe wa kumsimamia. Alilima miaka kumi na tisa.

Funzo: Ukitaka habari inayokupinga ipimwe mara tatu, ipime mara tatu na ile inayokuunga mkono; unayoificha wewe, mwenzio huilipia kwa mwili wake.