Nguvu Iliyovunjwa kwa Mawe

Mwanamke mmoja wa milimani Upare alikuwa na shamba la magimbi bondeni, kando ya chemchemi. Jina lake Nakijwa. Alikuwa mjane, na shamba hilo ndilo lililomsomeshea watoto. Lakini msidhani alikuwa mtu wa kukataa mambo mapya. Taa ya umeme aliitamani kuliko wote, maana mjukuu wake wa kwanza alizaliwa kwa mwanga wa kibatari, kikazimika mara tatu, na mara ya tatu nusura wampoteze mzazi. Na mahindi ya kusaga aliyabeba kichwani, saa mbili kushuka, saa tatu kupanda.

Basi ikaja habari kwamba bonde litajengwa ukuta, maji yajae, umeme utoke. Umeme safi, usio na moshi. Kijiji kizima kikashangilia. Nakijwa naye akapiga vigelegele, kisha akashuka peke yake, akakaa katikati ya magimbi akalia. Yote yale yangelala chini ya maji, na chemchemi, na miti ya dawa, na nyumba saba za watu wasiojua pa kuhamia.

Huko juu mlimani walikuwa na ndiva, bwawa dogo walilochimba mababu. Hujaa usiku, asubuhi mlinzi huchomoa kizibo, maji yakaporomoka hadi kwenye mifereji ya mashamba. Yalitoka kwa kishindo cha kumwangusha fahali. Ndiyo maana kila mwaka, masika yakiisha, baragumu lililia, watu wakatoka msaragambo, kazi ya wote, wakapanga mawe mazito kwenye mporomoko ule ili maji yachoke njiani, yasije yakabeba udongo.

Mwaka ule Nakijwa naye alibeba mawe, kiuno kikimwuma. Kazi ilipokwisha, kizibo kikachomolewa kujaribu. Akasimama akayatazama maji yakijipiga kwenye mawe. Akayatazama mpaka wenzake wakamwuliza kama anaumwa.

Siku ya mkutano wa kijiji kuhusu ukuta, Nakijwa akainuka. Mwenyekiti, mzee Senkondo, mtu mwema ila mwepesi wa utani, akamkata kauli: "Mama Elitumaini, kaa chini bwana. Wewe unalilia magimbi!"

Watu wakacheka. Naye akacheka nao, kisha akasema: "Nayalilia, mzee, tena sana. Ila kila mwaka tunavunjika viuno kuivunja nguvu ya maji kule juu. Mbona sasa tunataka kuzamisha bonde ili tuitafute nguvu hiyo hiyo huku chini?"

Wakakubaliana mporomoko ule upimwe kwanza.

Kesho yake fundi wa umeme, yule wa ukuta, akapanda kupima. Akasema kweli bila kuficha: gurudumu dogo la kuzungushwa na maji pale litasaga unga asubuhi na kujaza betri za taa za jioni, basi. Kuranda mbao na kuchomelea vyuma halitaweza. Ukuta wa bondeni ungeweza. Vijana waliotaka karakana wakanuna, na walikuwa na haki ya kununa. Wakabishana siku tatu. Siku ya nne mzee Senkondo alipanda mlimani na umri wake ule, akaanza kuyang'oa kwa mikono yake mawe aliyoyapanga tangu ana ndevu nyeusi. Watu wakamfuata mmoja mmoja, na Nakijwa alikuwa wa kwanza kumpokea jiwe.

Leo gurudumu linazunguka, na maji yakishalizungusha hufika shambani yamechoka vile vile. Vijana bado hawana karakana, na Nakijwa halali kwa ajili yao. Majuzi alikutwa amesimama mchana kweupe, akitazama jua linavyoyachoma mabati ya shule.

Nanyi mnaotafuta mwanga, mlipokaa kuhesabu mnachokosa, mlihesabu pia mnachotupa?