Bolti ya Mwalimu Gwamaka

“Usione akaza, afungua.” Ndivyo shangazi yako alivyokujibu leo, Lusajo, ulipolalamika kwamba umekuja kujifunza kuendesha gari uende mbele, naye siku ya pili hii anakurudisha kinyumenyume hapa uani mpaka kuku wamehama. Wenzako wamecheka, kisha wote mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mmefika penyewe. Methali nyingine mnazozisikia redioni mimi sijui zilikozaliwa, lakini hii ilizaliwa mbele ya macho yangu, na aliyekata bolti ni babu yenu huyo anayejifanya amelala humo ndani. Basi kaeni, methali yenyewe ilianza hivi.

Nilipoolewa na Gwamaka, mama yake, Bibi Sekela, alikuwa tayari haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Aliona mwanga tu, kama mtu aliyejifunika shuka mchana. Kwa miaka sita nilimpikia, nikamfulia, nikamzalia mjukuu, huyo shangazi yenu Tumpe, naye alikuwa hajawahi kuniona sura. Alinijua kwa sauti na kwa mwendo. Siku nyingine alinipapasa uso akasema, “Pua nimeipata, paji nimelipata, ila wewe mwenyewe bado.” Nilikuwa nacheka mbele yake, nikirudi jikoni nalia.

Mwaka huo ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja hospitali ya wilaya kwa siku chache, watapasua bure, na mgonjwa wa mwisho atapokelewa Ijumaa saa tisa alasiri. Wakiondoka, hadi mwakani. Mama alikuwa na miaka sabini na minane, na kwa mtu wa umri huo mwakani ni mbali sana.

Mvua za Rungwe mnazijua. Zilikuwa zimebomoa daraja, mabasi hayapiti, na njia iliyobaki ilikuwa ya kuzunguka kwenye mashamba ya chai, ambako gari dogo kama letu liliweza kupenya. Pikipiki mama aliikataa kabisa. “Nilipokuwa naona sikuwahi kuanguka,” alisema, “sasa ndiyo nianze?” Kwa hiyo tumaini letu lote likawa juu ya gari la mume wangu, na gari lenyewe lilikuwa linavuja maji kwenye pampu.

Pampu mpya tulikuwa nayo. Gwamaka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini ufundi aliupenda kuliko chaki. Kila alichokifungua alikifungua mwenyewe, na kila alichokivunja alisema kilikuwa kibovu tangu zamani. Alhamisi baada ya vipindi alivaa ovaroli yake, akainua boneti, akaanza kuitoa pampu ya zamani. Bolti zilikuwa sita. Tano zilitoka kwa adabu. Ya sita ikagoma.

Nilikuwa nachambua mboga pale karibu. Nikamwona anaitia mafuta, anasubiri kidogo, anajaribu, haitoki. Mtu mwenye subira angeitia mafuta tena akaenda kunywa chai. Babu yenu alikwenda uzioni, akachomoa bomba la chuma, akalichomeka kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, akaegemea kwa uzito wake wote. Tukasikia “ta!” Bolti ikakatika. Kichwa chake kikaruka hadi kwenye sufuria yangu ya mboga, na kipande kilichobaki kikabaki kimezama kwenye injini, kimechungulia nje kama punje ya mahindi.

Alichukua tindo na nyundo, akagonga mpaka giza likaingia, na alichopata ni kuikwaruza tu. Mama alikuwa ndani anasikia kila pigo. Aliniuliza, “Amekata kitu?” Nikasema, “Ndiyo, mama.” Akasema, “Basi mwambie aje ale.” Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuikunja safari na kuirudisha kabatini, na mimi nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kujifungua.

Fundi mwenye uwezo alikuwepo, tena si mbali. Alikuwa Tusekile, msichana wa pale sokoni aliyekuwa akichomelea mageti na madirisha. Lakini Gwamaka alikuwa amemfundisha darasa la saba, na siku aliposikia binti huyo anakwenda kujifunza kuchomelea, alimwambia mbele ya wenzake, “Wewe? Hata msumari hutanyoosha.” Tangu hapo Tusekile alikuwa akimwamkia kwa heshima zote na kupita. Mume wangu angeweza kumwita fundi yeyote wa nchi hii, lakini si huyo.

Asubuhi sikumwomba ruhusa. Nilimbeba Tumpe mgongoni, nikateremka sokoni, nikamweleza Tusekile yote. Hakuuliza swali. Alipakia mashine yake ya kuchomelea kwenye toroli, akalisukuma kupanda kilima kile, matope hadi magotini.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema alipofika.

“Marahaba,” alijibu Gwamaka, akanitazama mimi. Niliangalia mbingu.

Tusekile aliinama juu ya injini akaigusa ile punje kwa kidole. Kisha akachukua nati, akaiweka juu yake, akavaa kinyago, akazichomelea zikawa kitu kimoja. Sasa bolti ilikuwa na kichwa kipya. Aliiacha ipoe, akaidondoshea mafuta, akaweka spana, akajaribu kufungua taratibu. Haikusogea. Hapo akageuza mkono, akaanza kusukuma upande wa pili.

Gwamaka aliruka. “Unakaza! Tusekile, unaikaza!”

“Ndiyo, mwalimu. Nakaza.”

“Sisi tunataka itoke, wewe unaizamisha?”

“Kutu imeishika, mwalimu. Nikiivuta upande mmoja tu itakatika tena, na safari hii itakatikia ndani, wala hapatakuwa na pa kuchomelea. Nikiikaza kidogo, kutu inapasuka. Nikishasikia imepasuka, ndipo nairudisha.”

“Nani kakufundisha hivyo?”

“Ziliponikatikia nyingi, nilijifunza.”

Mume wangu alinyoosha mkono kuichukua spana. Tusekile hakubishana. Aliiachia, akasimama kando, akafuta mikono kwenye suruali. “Gari ni lako, mwalimu. Nikuachie?”

Ilikuwa saa nne na nusu. Mama alikuwa ameketi barazani kwenye kigoda, amevaa kitenge chake cha kanisani, mfuko wake wa nguo ameupakata. Tangu alfajiri alikuwa amejivalisha mwenyewe, na hakuna aliyemwambia kama tunakwenda au hatuendi. Gwamaka alimtazama. Akaitazama spana mkononi mwake, kisha bomba lake la jana lililolala kwenye majani. Nimeishi naye miaka mingi, nimemwona akizika ndugu na akifunga mizigo ya kustaafu, lakini sijamwona akipata kazi nzito kama ile ya kumrudishia mwanafunzi wake spana.

“Endelea,” alisema. “Mimi nitashika taa.”

Tusekile akakaza kiasi cha unene wa kucha. Kikatoka kilio chembamba cha chuma. Akarudisha, ikafuata kidogo. Akakaza tena, akatia mafuta, akarudisha, ikafuata zaidi. Vumbi jekundu la kutu likaanza kutoka pembeni. Hakuharakisha hata kidogo, na mimi nilikuwa natamani aharakishe, nikajikuta nimejiuma mdomo. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka tukaona bolti inazunguka bila kugoma, naye akaimalizia kwa vidole na kumkabidhi mwalimu wake kiganjani.

Gwamaka aliikodolea macho. “Nilikukosea, binti yangu,” alisema. “Siku ile darasani nilikukosea.”

“Yalipita, mwalimu,” alisema Tusekile, lakini machozi yalimtoka, akasingizia moshi. Kisha wakaifunga pampu mpya pamoja, yeye akielekeza, mwalimu akitii.

Tuliondoka saa sita. Kwenye mashamba ya chai tulikwama mara mbili, wachuma chai wakatusukuma. Tulifika hospitali saa tisa kasoro dakika kumi, muuguzi akiwa anafunga daftari la wagonjwa. Jioni hiyohiyo mama akapasuliwa jicho la kulia.

Alipotolewa chumba cha upasuaji, daktari alikuwa anamalizia kumfunga bendeji iliyofunika macho yote mawili. Gwamaka alipoona kitambaa kinazungushwa mara ya tatu, hofu ikamshika upya.

“Daktari, mbona unakaza hivyo? Hata ule mwanga mdogo aliokuwa nao umemzibia!”

Daktari hakuwahi kujibu. Mama alicheka kwanza, pale kitandani, amefungwa vile. Kumbe barazani alikuwa amesikia kila neno.

“Gwamaka, hukujifunza kitu asubuhi? Mwache mwenzio afanye kazi. Usione akaza, afungua.”

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kesho yake wagonjwa wa wodi nzima walikuwa wakiambiana hivyo kila bendeji zilipofungwa, wakarudi na maneno hayo kwao, kila mtu na kijiji chake. Tusekile tulipomsimulia, aliyaandika kwa rangi kwenye bati juu ya karakana yake. Hivyo ndivyo maneno ya mama mkwe wangu yalivyotembea.

Lakini asubuhi ya kesho yake hospitalini sijaisimulia. Daktari aliifungua bendeji polepole. Mama alifumba, akafumbua, machozi yakamtiririka. Akamtazama mwanawe, akasema, “Umezeeka.” Kisha akaniangalia mimi, muda mrefu, hata nikaona haya nikacheka.

“Una mwanya!” akapiga kelele, wodi nzima ikageuka. “Miaka sita unaishi nyumbani kwangu, hakuna aliyeniambia mkwe wangu ana mwanya!” Akanivuta, akanishika mashavu, akanitazama tena na tena kama mtu anayesoma barua iliyochelewa, nasi tukalia wote wawili bila kujificha jikoni.

Basi, Lusajo, futa uso huo wa kununa. Shangazi yako alikuwa mgongoni mwangu siku ile, anajua anachokufanyia. Akikurudisha nyuma mara kumi, rudi mara kumi. Usione akaza, afungua.