Kisima cha Wenye Pembe

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na wewe uliye mlangoni ingia. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na shule yao, kulikuwa na kiangazi kikali hata mito ikabaki mchanga. Maji yalibaki mahali pamoja tu: kisima kilichokuwa kando ya shule.

Mwalimu wa shule hiyo alikuwa Nyati. Watoto wote walisoma kwake, wa wakubwa na wa wadogo. Mbele walikaa wenye pembe: Ndama wake mwenyewe, mtoto wa Kifaru, mtoto wa Pofu, yule swala mkubwa kuliko wote. Nyuma, vumbini, walikaa wadogo: Nguchiro, Kobe, Kanga, na mtoto wa Muhanga, yule mla mchwa.

Kila asubuhi somo lilikuwa moja.

"Kisima ni cha nani?" Nyati alinguruma.

"Cha wenye pembe!"

"Nani alikichimba?"

"Wenye pembe, kwa pembe zao!"

"Wasio na pembe wanakunywa lini?"

"Mwishoo!"

Na mwisho, wanangu, palikuwa na tope tu.

Nguchiro alikuwa na mdogo wake, mchanga kabisa, bado hajafungua macho vizuri. Kwa siku mbili mama yao alikuwa akirudi kutoka kisimani na kibuyu cha tope. Maziwa yalimpungua, na ulimi wa mtoto ukakauka kama jani.

"Mama," Nguchiro aliuliza, "hivi ni kweli wenye pembe ndio waliochimba?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, mwanangu. Mimi nilikaa palepale unapokaa wewe."

"Nani aliwaona wakichimba?"

Mama akamfuta mtoto midomo kwa kitambaa kikavu.

Kesho yake Nguchiro alinyoosha mkono darasani. "Shikamoo Mwalimu. Naomba kuuliza. Wakati kisima kinachimbwa, nani alikuwepo akaona?"

Darasa zima likageuka kumtazama.

"Ala!" Nyati akapiga kwato chini, puu! "Umekuja hapa kuuliza au kusoma? Simama juani!"

Akasimama juani mpaka jua likafika utosini. Mtoto wa Pofu akamtania: "Wee kijimkia, kiu imekupanda kichwani?"

Nguchiro hakumjibu. Alikuwa akitazama kisima. Kutoka pale aliposimama aliona jua likiingia ndani ya kisima na kumulika kuta zake. Akatazama, akatazama tena. Mh!

Tangu siku hiyo akawa mtoto mwingine kabisa. Mwalimu kabla hajamaliza neno, yeye keshaitikia. Sauti yake ilisikika kuliko zote.

"Mnamwona huyu?" Nyati akasema kwa furaha. "Amekuwa na adabu. Siku ya wazazi ni keshokutwa. Atakuwa kiranja. Kiranja akisema, wote mnaitikia. Atakayenyamaza atanijua!"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Siku hiyo ya wazazi ilipofika, mdogo wake Nguchiro hakuweza tena kunyonya. Mama alimbeba mgongoni akaenda naye shuleni, maana hakuthubutu kumwacha. Wazazi wote walikuwa wamejaa, wakubwa kivulini, wadogo juani.

"Leo," Nyati akawaambia, "mtasikia jinsi watoto wenu walivyoelimika. Kiranja, anza!"

Nguchiro akasimama. Akawageukia wenzake.

"Kisima ni cha wenye pembe!"

"KISIMA NI CHA WENYE PEMBE!" Wazazi wakapiga makofi.

"Kobe anamshinda Swala mbio!"

"KOBE ANAMSHINDA SWALA MBIO!" Kobe naye akaitikia, kwa nguvu zake zote. Huko nyuma mtu akacheka, kikiki!

"Mwalimu Nyati hana pembe!"

"MWALIMU NYATI HANA PEMBE!"

Na sauti iliyopanda juu ya zote ilikuwa ya Ndama, mtoto wa Nyati mwenyewe, anamtazama baba yake na pembe zake zile kubwa, na anaimba kuwa hana.

Bibi yangu, aliyenisimulia hadithi hii, akifika hapa alikuwa anaacha kutabasamu. Hata wale wanyama hawakucheka tena.

"Nani," Nyati akasema, "nani amewafundisha watoto wangu upuuzi huu?"

"Mimi nimebadili maneno tu, Mwalimu," Nguchiro akasema. "Kuitikia umewafundisha wewe."

"Nitakukanyaga!"

"Nikanyage. Ila kwanza wazazi wote waniambie jambo moja. Kama watoto wameimba hivi na pembe wanaziona, yale ya kisima, ambayo hakuna aliyeyaona, tutayaaminije? Njooni mchungulie. Jua limeingia."

Hakuna aliyeondoka mahali pake. Kisha Ndama akainuka.

"Rudi ukae!" baba yake akamwambia.

"Nataka kuona, Baba."

Akainama kwenye ukingo. Akasugua pembe yake ukutani, kwaruu! Ikaacha mfereji mmoja mpana. Pembeni yake, kutoka juu mpaka chini, kulikuwa na mikwaruzo myembamba, minne minne.

"Baba," akasema polepole, "hizi ni kucha."

Bibi Muhanga, mchimbaji mzee, akajikongoja mpaka pale akaweka mkono juu ya ile mikwaruzo. Ukaingia sawasawa. "Lo!" akasema. "Mikono ya kwetu. Na mimi nimekunywa tope maisha yangu yote nikasema asante."

Kifaru mzee akakohoa. "Hata mimi nilifundishwa vilevile. Na hapa nakunywa kila siku. Sijawahi kutazama kuta."

Basi wadogo wakatoka juani, mmoja mmoja, wakakizunguka kisima. Hawakumfukuza mtu. Walisimama tu, macho kwa Nyati, wakingoja.

Nyati akasogea. Hakuomba radhi siku ile, na bibi yangu hakuniambia kama aliwahi kuomba baadaye. Akasogea, njia ikapatikana.

Mama Nguchiro akateremsha kibuyu, chubwi! Akachovya kidole katika maji safi, akakiweka mdomoni mwa mtoto. Tone la kwanza likamwagika. La pili likamwagika. La tatu mtoto akalimeza, akafumbua macho, akalia kwa hasira, na shule nzima ikamsikiliza analia.

Hadithi yangu inakomea hapo kisimani, wajukuu zangu, na neno lake ni hili: mkifundishwa jambo linalomnyima mwenzenu haki yake, msiliitikie kabla hamjalichungulia.