Mtumishi Asiyepiga Hodi

Nimeshasema sitaki. Wanaojua kueleza wapo, wamesoma mpaka macho yameisha, lakini mkutano wa akina mama wa mtaa huu ukifika pagumu lazima nivutwe mimi kwenye kiti changu. Leo mnataka niwaambie kwa nini baraza la jiji linahangaika kutunga sheria za hiyo akili mnemba, mimi niliyeiacha shule darasa la pili. Haya. Ya mashine siyajui. Ya watu nayajua kidogo. Nyamazeni basi, na huyo anayetafuna karanga amalize.

Mtu mmoja alikuwa na duka la mikeka katika mji wa wasusi. Jina lake Khatibu. Mikeka hakusuka yeye. Walisuka wanawake wa mji, kila mmoja nyumbani kwake, naye akainunua na kuiuza mbali. Ili kazi iende ilimbidi azunguke nyumba kwa nyumba, apige hodi, akaribishwe, akae, aulize hali ya watoto na ya mgonjwa, ndipo mkeka utandikwe auone. Hayo yalimchosha. Alikuwa kama mtu anayetaka mayai na hataki kusikia kuku.

Basi akanunua mtumishi. Mtumishi huyo hakula, hakulala, hakuugua, hakuomba ruhusa ya kwenda mazikoni. Alichokiona mara moja hakukisahau tena. Msiniulize ni mtumishi wa namna gani. Mnamjua, mnalala naye chini ya mto.

Khatibu akamtuma nyumba kwa nyumba. Na desturi ya mji ule ni hii hii yenu: mtu akitokea mnakula, mnasema karibu. Hata sufuria iwe imeshakwanguliwa, mnasema karibu. Mwenye adabu hujibu, "Asante, nimeshiba," akaenda zake. Mtumishi hakupiga hodi. Alitokea tu, watu wana matonge mkononi, wakasema karibu kwa mazoea, naye akaingia, akakaa pembeni kimya. Hakuwa na uso wa kuonewa haya. Wanawake wakamzoea kama wanavyouzoea mtungi. Wakavua mitandio mbele yake. Wakagombana na waume zao mbele yake. Wakasuka mbele yake zile nakshi ambazo mama humfundisha bintiye mlango ukiwa umefungwa. Yote akayabeba, akampelekea bwana wake.

Katika mji huo alikuwako mjane, Bi Raya. Mkeka kwake ndio uliokuwa unga, ndio uliokuwa dawa ya mama yake aliyelala kitandani. Siku moja alipeleka mkeka dukani ukakataliwa. Akaambiwa asilete tena, si huo wala mwingine. Akauliza kosa lake.

Khatibu akakunjua viganja. "Si mimi, Bi Raya. Mtumishi ndiye aliyekupima, kasema wewe basi."

"Kanipima nini?"

"Hayo anayajua mwenyewe."

Akarudi nyumbani na mkeka wake kwapani. Majirani wakamtafutia sababu, maana majirani kwa hilo hawajambo. Huyu akasema, labda ni kile kikohozi cha mama yako, amekisikia. Yule akasema, labda ni ule usingizi wako wa mchana. Mwingine akasema, wewe nawe una mdomo, Raya, umeshamsema Khatibu mara ngapi humu ndani? Tangu siku hiyo mwanamke akaanza kujichunga ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hakucheka kwa sauti. Alipochoka hakunyoosha mgongo. Mama yake akikohoa, alimwekea kitambaa mdomoni, mama mzazi, kisha akalia. Hakujua ni lipi lililomponza, kwa hiyo aliyaogopa yote.

Kisha wakakatwa kazi wengine, huyu leo, yule kesho, na jibu likawa lile lile. Na dukani ikatokea mikeka mipya, imejaa mpaka darini, yenye nakshi ya bibi yake Bi Raya, na ya mama yake fulani, na ya shangazi yake fulani. Mtumishi alikuwa ameanza kusuka.

Ndipo wanawake wakaenda kwenye baraza la mji. Khatibu naye akaja, kanzu imepigwa pasi, anatabasamu. Alikuwa na maneno mawili. La kwanza, kwamba hakuingia nyumba ya mtu kwa nguvu: "Si walisema karibu? Waulizeni. Wote walisema." Wanawake wakainamisha vichwa, maana kweli walisema. La pili, kwamba yeye hakumpima mtu wala hakumkataa mtu. Aliyeona ni mtumishi, aliyeamua ni mtumishi, yeye alipokea habari tu, na tangu zamani mjumbe hauawi.

Wazee wa baraza wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba huyu akibanwa atahamishia duka lake mji wa jirani, na mji utabaki na nini? Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nusura mambo yaishie hapo, watu wapewe chai, warudi makwao.

Bi Raya akasimama. Alikuwa hajasema kwa sauti siku nyingi, na sauti ilimtoka imekwaruza.

"Mjumbe hauawi, tumesikia. Hatukuja kumuua mjumbe. Tumekuja kwa aliyemtuma."

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mwanamke muuza samaki, hana subira na watu wanaozunguka maneno. Akamgeukia yule mzee wa kunong'ona. "Atahama? Na ahame. Huko nako kuna milango, na milango ina wenyewe."

Wakatunga sheria. Mtumishi hawakumfukuza, kwa kuwa panga halina dhambi, dhambi ni ya mkono. Walisema apige hodi kama watu wengine, aseme katumwa na nani na anatafuta nini, na asipoitikiwa arudi. Walisema karibu ya chakula ni ya chakula, si ruhusa ya kubeba kilichomo ndani ya nyumba. Na atakayekatwa kazi aambiwe sababu na mtu, mwenye uso, anayeweza kuulizwa tena asipoeleweka.

Yakabaki ya nyuma. Khatibu akatia mkono mfukoni, akidhani ni faini. Mwenyekiti akamwambia atoe mkono. Mtumishi akawekwa nje, mlango ukafungwa, na wanawake waliokatwa wakaja mbele mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa na haki ya swali moja. Bi Raya akatangulia, akauliza: "Kwa nini?"

Khatibu akatazama mlango uliofungwa. Ukweli ni kwamba hakuwahi kumuuliza mtumishi wake, maana kuuliza ndiko kulikomchosha tangu mwanzo.

"Sijui," akasema.

Akaja wa pili. Sijui. Akaja mwenye mimba, akaja mwenye jicho moja. Sijui, sijui. Na baraza likaamua kwamba kila penye "sijui" kazi irudi kwa mwenyewe, na kila nakshi iliyobebwa bila ruhusa, mikeka iliyosukwa kwayo ichukuliwe na wenye nakshi.

Siku ya kuitoa mikeka hiyo, mji mzima ulikuja kutazama, msinidanganye kwamba nyinyi msingekuja. Bi Raya aliuvuta mkeka wa nakshi ya bibi yake, akaugeuza, akautazama msuko, akasema, "Utawafaa mbuzi," akaondoka nao bila kugeuka nyuma. Wengine wakafuata, mikeka vichwani, duka likawa jeupe. Mlango aliushika Khatibu kwa mkono wake mwenyewe, ndivyo baraza lilivyoagiza, na kila mwanamke alipopita ilimbidi amwamkie kwa jina lake. Wengi alikuwa amekula jasho lao miaka mingi na majina yao hakuyajua. Ilimbidi asimame pale juani, mbele za watu, aulize, mmoja mmoja.